Kukabidhiwa Mapema: Malezi ya Viongozi Wanafunzi wa Kikristo Kusini-Mashariki mwa Asia

Mwaka 1950 mmisionari Mwingereza David Adeney aliondoka China. Kwa miaka kadhaa alikuwa amefanya kazi bega kwa bega na wanafunzi wa vyuo vikuu, akauona umoja wao wa kiinjili, ulioundwa mwaka 1945 huko Chongqing vita vikiwa bado vinarindima, ukienea kutoka kampasi moja hadi nyingine. Mwaka 1949 wakomunisti walishika dola, na haikuchukua muda wageni wakaanza kuondoka mmoja baada ya mwingine. Wanafunzi wakabaki. Kazi iliyomtegemea mgeni ilikwama siku mgeni alipofunga mizigo. Iliyokuwa mikononi mwa wenyewe ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kuendelea, hata kama ni kwa siri na kwa gharama kubwa.

Adeney alirudi Asia mwaka 1956, akaweka makao Hong Kong na kuzungukia nchi za Mashariki na Kusini-Mashariki mwa Asia kwa niaba ya IFES, shirikisho la kimataifa la wanafunzi wa kiinjili lililoundwa mwaka 1947 katika Chuo Kikuu cha Harvard na vyama vya nchi 10, China ikiwa mojawapo. Mwaka 1968 akafungua Singapore kituo cha Discipleship Training Centre, ambako wahitimu wa vyuo kutoka nchi mbalimbali za Asia walisoma theolojia huku wakiishi nyumba moja na walimu wao. China ilikuwa imekiachia kizazi cha Adeney swali lisilokwepeka: mgeni akiondoka kesho, nani atashika kazi?

Swali hilo bado linaulizwa Jakarta, Manila, Kuala Lumpur na Yangon, ingawa anayeondoka siku hizi huenda si mmisionari bali mchungaji aliyehamishwa, mfanyakazi wa huduma aliyekosa mshahara, au kamati iliyohitimu yote kwa mkupuo. Jibu lililozoeleka ni kuwahimiza vijana: kongamano, msemaji mashuhuri, wito wa kusimama mbele. Sidharau makongamano. Lakini historia ya huduma za wanafunzi katika eneo hilo inanishawishi kwamba kijana haanzi kuongoza kwa sababu amehimizwa. Huanza kuongoza kwa sababu amekabidhiwa kitu chenye uzito kabla hajajiona kuwa tayari, na aliyemkabidhi hakumtelekeza. Mapokeo manne yaliyokua katika nchi hizo yanatofautiana hasa katika hicho kinachokabidhiwa, na tofauti hiyo ndiyo inayopambanua nguvu na udhaifu wa kila moja.

La kwanza ni la Perkantas, chama cha Indonesia kinachounganisha ushirika wa Kikristo wa vyuo mbalimbali, kilichoanzishwa Jakarta mwaka 1971 na wahitimu waliokuwa wamesoma Australia na kurudi nyumbani. Hawa walikuja na elimu ya uhandisi na fani nyingine, lakini pia walikuja na jambo waliloliona ugenini: wanafunzi wanaojiendeshea mambo yao wenyewe. Mhimili wa kazi ya Perkantas umekuwa kikundi kidogo, ambacho wao hukiita KTB, yaani kikundi cha kukua pamoja. Huwa na watu wachache, wanne hadi sita hivi, chini ya mwanafunzi aliyewatangulia mwaka mmoja au miwili.

Tazama jinsi jambo hili linavyokwenda katika mji kama Depok, pembeni mwa Jakarta, ilipo kampasi kubwa ya Chuo Kikuu cha Indonesia. Wanafunzi wengi huishi katika vyumba vya kupanga, vingine vidogo kiasi kwamba godoro likikunjwa ndipo watu wanapata pa kukaa. Jioni baada ya vipindi wanakutana humo. Mkubwa wao wanamwita Kak, kaka au dada wa kuwatangulia, na yeye anajua kwamba mmoja wao amefeli jaribio la kalkulasi, kwamba mwingine babake ameachishwa kazi, na kwamba wa tatu ana wiki mbili hajaonekana kanisani. Wanasoma fungu la Injili, wanaulizana linawadai nini wiki hiyo, wanaombeana kwa majina, kisha tempe ya kukaanga inazungushwa. Hakuna jukwaa wala kipaza sauti. Lakini kijana wa miaka ishirini amekabidhiwa watu watano, na wasipokuja wiki ijayo atawatafuta yeye, si mchungaji.

Kijana huyo hapewi cheo kwanza. Anapewa watu. Naye kabla ya kupewa watu alikuwa mmoja wa watu waliopewa mwingine, hivyo anaijua kazi kwa kuwa ilifanywa juu yake. Ni ule mnyororo ambao Paulo anamwagiza Timotheo katika waraka wake wa pili, sura ya 2 mstari wa 2: ulichopokea uwakabidhi waaminifu watakaoweza kuwafundisha wengine. Vizazi vinne vimo katika agizo hilo moja, na kikundi cha Depok kinaweza kuvihesabu vyote bila kutoka nje ya kampasi: aliyehitimu juzi, wa mwaka wa tatu, wa mwaka wa pili, na aliyeingia chuoni mwezi uliopita.

Mapokeo ya pili yako Ufilipino. IVCF, umoja wa wanafunzi wa kiinjili, ulianza huko mwaka 1953, na mmoja wa waliouasisi alikuwa Gwen Wong, mwanamke aliyetoka Hawaii. Jina lake limefungamana na Kawayan, kambi ya mafunzo ya uongozi iliyofanyika katika kisiwa cha Mindoro kwa mwezi mzima. Mwezi mzima ni muda mrefu kwa mwanafunzi. Katika siku tatu za semina mtu anaweza kuficha hasira zake, uvivu wake na woga wake. Katika siku thelathini, akiwa na watu walewale katika usingizi, chakula, zamu za kazi na sala, hafichi kitu. Anajionyesha alivyo, na wenzake wanamwona, na yeye mwenyewe anajiona labda kwa mara ya kwanza.

Silaha kubwa ya mapokeo haya ni kuisoma Biblia kwa kuuliza: andiko linasema nini hasa, lina maana gani kwa walioandikiwa, na linanidai nini mimi. Njia hii inaonekana ndogo hadi uitazame katika mazingira ya shule ambamo mwanafunzi amelelewa kunakili anachosema mwalimu na kukirudisha kwenye mtihani. Kumwambia kijana huyo akae na Injili ya Marko asubuhi nzima bila kitabu cha ufafanuzi, aandike alichokiona, kisha akitetee mbele ya wenzake, ni kumkabidhi akili yake mwenyewe. Hapa kinachokabidhiwa ni nafsi ya kiongozi: utulivu wake mbele za Mungu, macho yake, na uwezo wa kusema hapana kwa hoja dhaifu hata ikitoka kinywani mwa mkubwa.

Matunda yake yalionekana taifa lilipojaribiwa. Isabelo Magalit, daktari wa tiba aliyeacha udaktari na kuwa katibu mkuu wa IVCF, baadaye mchungaji jijini Quezon, ni mmoja wa waliolelewa katika mazingira hayo na kuyalea. Sheria ya kijeshi ilikuwa imetangazwa mwaka 1972 chini ya Rais Ferdinand Marcos, na makanisa mengi ya kiinjili yalichagua kunyamaza, yakitegemea sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi inayoagiza kuitii mamlaka. Februari 1986, watu walipofurika katika barabara ya EDSA jijini Manila kuwakinga kwa miili yao wanajeshi waliomwasi Marcos, walikuwemo wainjili waliotoka kusimama pamoja na Wakatoliki, akiwemo Melba Maggay, mwandishi na msomi wa utamaduni aliyeanzisha ISACC, taasisi ya masomo ya kanisa na utamaduni wa Asia, mwaka 1978. Watu wa namna hiyo hawakuongozwa na waraka kutoka makao makuu. Walikuwa wamesoma andiko wenyewe, wakapima, wakatoka.

Mapokeo ya tatu ni makongwe kuliko hayo mawili, nayo yanaturudisha Indonesia. WSCF, shirikisho la wanafunzi Wakristo duniani lililoundwa Vadstena, Sweden, mwaka 1895, lilifika Java wakati Indonesia ingali koloni la Uholanzi. Mwaka 1932 wanafunzi wa Java waliunda chama chao cha Kikristo, na mwaka uliofuata mkutano wa WSCF ulifanyika Citeureup, kusini mwa Batavia, kama Jakarta ilivyoitwa wakati huo. Miongoni mwa vijana wa kizazi hicho alikuwa Johannes Leimena, mzaliwa wa Ambon wa mwaka 1905, aliyesomea udaktari katika chuo cha STOVIA na kushiriki harakati za vijana zilizodai taifa moja. Tarehe 9 Februari 1950, nyumbani kwake Jakarta, ndipo chama cha wanafunzi Wakristo, GMKI, kilipoundwa, Indonesia ikiwa huru. Leimena alitaka kiwe mahali pa mazoezi kwa wale watakaokubali kubeba dhamana ya mema ya taifa lao.

Yeye mwenyewe alikuwa kielelezo. Aliongoza wizara ya afya kwa miaka mingi tangu 1947, na mpango wake wa Bandung wa mwaka 1951, uliounganisha tiba na kinga katika afya ya vijijini, unatajwa kuwa chimbuko la vituo vya afya vya jamii ambavyo leo kila Mwindonesia anavijua kwa jina la Puskesmas. Mwaka 2010 serikali ilimtangaza shujaa wa taifa. GMKI inawafundisha wanachama wake mambo matatu yaliyoinuliwa pamoja: imani ya juu, elimu ya juu, utumishi wa juu. Na Januari 1972 viongozi wake walikutana huko Cipayung na wenzao wa HMI ambacho ni chama cha wanafunzi Waislamu, wa PMKRI cha Wakatoliki, na wa GMNI cha wazalendo, wakajadili Indonesia wanayoitaka. Kijana wa Kikristo, ambaye jamii yake ni kama mtu mmoja katika kila kumi nchini, alikaa meza moja na kijana wa Kiislamu akizungumza juu ya nchi yao wote. Hapa kinachokabidhiwa ni nchi.

Ukiyaweka mapokeo haya matatu sambamba, kila moja linaumbua pengo la jirani yake. Kikundi cha Perkantas kinaweza kuwa chumba chenye joto kisicho na dirisha. Wanafunzi wanajuana, wanaombeana, na mji mzima unawapita. Tena uongozi ukipimwa kwa idadi ya vikundi, msichana mwenye moyo mkunjufu atabebeshwa vitatu hadi arudie mwaka, kisha watu waseme hakuwa na bidii. Kambi ya mwezi nayo inamfaa anayeweza kukosekana nyumbani mwezi mzima. Yule ambaye likizo ndiyo msimu wake wa kutafuta karo, au anayesubiriwa shambani, hafiki Mindoro, na huyo huenda ndiye mwenye karama kuliko wote. GMKI kwa upande wake imebeba hatari ya kila chama kilicho karibu na madaraka: nafasi ya uongozi inageuka kuwa ngazi ya siasa, Biblia ikabaki ya kufungulia na kufungia mkutano.

Lipo pokeo la nne, nalo si la Kikristo, lakini asiyelitazama hataielewa kampasi ya eneo hilo. Mwaka uleule wa 1971 Perkantas ilipoanzishwa, vijana wa Kiislamu wa Malaysia walianzisha chama chao, ABIM. Jijini Bandung, Msikiti wa Salman wa chuo cha teknolojia cha ITB ulianza kuswaliwa Ijumaa mwaka 1972, na mhadhiri wa uhandisi wa umeme, Imaduddin Abdulrahim, aliyekuwa amefundisha Malaysia kwa muda, akaendesha hapo mafunzo ya wanafunzi yaliyovuta vijana kutoka vyuo vingi. Mwaka 1978 yeye aliwekwa kizuizini, na mwaka huohuo serikali ya Rais Soeharto ikabana siasa za wanafunzi kwa sera ya kile ilichokiita kurudisha hali ya kawaida kampasini, mabaraza ya wanafunzi yakavunjwa. Mlango wa siasa ulipofungwa, vijana wengi waliingia katika halaqa: mduara mdogo, mwalimu aliyewatangulia kidogo, darsa la kila wiki, na mwanafunzi wa leo akawa mwalimu wa kesho.

Mkristo wa Bandung alikuwa akifanya jambo la sura ileile katika jengo la pili. Sisemi kwamba mmoja alimwiga mwingine. Wote wawili walikuwa na urithi wa kale wa dini zao wa kufundishana mtu kwa mtu. Ninachokiona ni kwamba katika mazingira yaleyale ya serikali kali na kampasi zinazofurika watoto wa wakulima, imani mbili ziligundua kwamba kiongozi hulelewa katika mduara. Waislamu walikuwa na nidhamu ya muda mrefu ambayo Wakristo wangefaa kuiheshimu: mtu hakuondoka katika mduara kwa sababu amehitimu. Anwar Ibrahim, aliyekuwa rais wa ABIM katika miaka ya 1970 na kuwekwa kizuizini mwaka 1974 baada ya maandamano ya kuwatetea wakulima wa Baling, alifika kwenye uwaziri mkuu wa Malaysia Novemba 2022. Kati ya hapo na hapo kuna miaka karibu hamsini. Huduma ya wanafunzi inayohesabu mafanikio yake kwa mahudhurio ya muhula huu inapaswa kuitafakari hesabu hiyo.

Malaysia inatupa funzo jingine. Katiba yake, katika ibara ya 11(4), inaruhusu majimbo kuzuia kueneza dini nyingine miongoni mwa Waislamu, na sheria ya vyuo vikuu ya mwaka 1971 iliwabana wanafunzi wote katika shughuli za vyama. Wakristo wengi wa nchi hiyo ni wenyeji wa Sabah na Sarawak, huko kisiwani Borneo. Kijana wa Kikadazan au Kiiban anayepangiwa chuo cha umma upande wa rasi anajikuta mbali na nyumbani, mara nyingi bila kasisi wa chuo wala chumba cha ibada, na ushirika wake hukutana nje ya kampasi, kanisani au katika nyumba ya kupanga. Mfanyakazi wa huduma hawezi kuingia na kutoka apendavyo. Basi mwanafunzi anaongoza kwa sababu hakuna mwingine wa kuongoza. Ninaomba tusiusifu ugumu huo, maana wapo wanaokata tamaa ndani yake. Lakini unatufunulia jambo: pale mkubwa alipolazimika kukaa nje, kijana alikua haraka. Kwa nini basi, pale mkubwa alipo huru kuingia, asijifunze kukaa nje kwa hiari yake?

Mfano wa kinyume ni Singapore, nchi ndogo yenye amani, makanisa makubwa, wahubiri wa kila aina na fedha za kuwalipa. Huko mwanafunzi hakosi mafundisho, anakosa nafasi. Jumapili amehudumiwa vizuri kanisani kwake, siku za wiki anashindania alama na nafasi za mafunzo kazini, na ushirika wa chuo unaonekana kuwa mzigo wa ziada. Hata hivyo, ni kisiwa hicho kilichomtoa Chua Wee Hian, aliyechukua ukatibu mkuu wa IFES mwaka 1972 na kuushika hadi 1991. Alikuwa Mwasia wa kwanza katika nafasi hiyo, miaka 25 tu tangu shirikisho liundwe Harvard. Waliomchagua walimkabidhi kazi ambayo hapo kabla ilidhaniwa kuwa ya watu wa Magharibi.

Baada ya kulinganisha, lazima tushuke hadi kwenye tendo lenyewe la kumwita kijana, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea. Katika Java, Luzon au Chiang Mai, kijana aliyelelewa vizuri hanyoshi mkono kusema kwamba anafaa kuongoza. Kufanya hivyo ni kujikweza mbele ya wakubwa na wenzake. Mchungaji aliyezoea kuuliza ukumbini nani yuko tayari kujitoa atakutana na ukimya, naye ataandika katika ripoti kwamba vijana hawana ari. Ari wanayo, adabu ndiyo iliyowanyamazisha. Na akinyosha mkono mmoja haraka, mara nyingi si yule aliyestahili.

Wito unaozaa matunda huko ni wa ana kwa ana. Mtu anayeheshimika, Kuya (kaka) au Ate (dada) kwa Wafilipino, anamwendea kijana faraghani na kumtaja kwa jina. Anamwambia alichokiona kwake: ulikaa na mwenzetu alipofiwa, wiki tatu hukuacha kumpigia simu. Anamwambia kazi ni ipi, itachukua saa ngapi kwa wiki, na itaisha lini. Anamwahidi kwamba watakuwa wakikutana kila wiki mbili. Kisha anamwacha akazungumze na wazazi. Maneno kama ulikaa na mwenzetu alipofiwa yana uzito kuliko hotuba ndefu juu ya uongozi wa utumishi, kwa sababu yanamwonyesha kijana kwamba ameshaanza kuongoza bila kujua.

Na wazazi wasichukuliwe kuwa kikwazo. Katika familia nyingi za Ufilipino au Indonesia, mwanafunzi wa chuo ni mradi wa ukoo mzima: mama anafanya kazi za ndani Hong Kong au Ghuba, mjomba amechangia kompyuta, wadogo wanasubiri zamu yao ya kusomeshwa. Kumwambia kijana huyo kwamba kumfuata Kristo ni kupuuza matarajio ya nyumbani ni kumvunja mahali pasipostahili. GMKI ilikuwa na hekima ilipoweka elimu katikati ya imani na utumishi. Kiongozi wa ushirika anayefeli masomo kwa ajili ya mikutano anawafundisha wadogo zake kwamba Mungu hajali maabara wala maktaba. Viongozi wa huduma wanaowatembelea wazazi, wakawaeleza kazi ya mtoto wao na kuheshimu ratiba yake ya mitihani, huwapata wazazi hao upande wao.

Kukabidhi kunahitaji pia ujasiri wa kuachia mambo matatu ambayo wakubwa hupenda kubaki nayo: fedha, uamuzi na makosa. Kamati ya wanafunzi isiyoshika bajeti inatumika tu. Mwenyekiti ambaye kila uamuzi wake lazima upitie kwa mlezi hajawa mwenyekiti. Kambi ikihudhuriwa na watu wachache kwa sababu kamati ilichagua tarehe mbaya, waache wajue walikosea wapi, wakae chini waandike, na mwaka ujao wachague vizuri. Mlezi anayeokoa kila jambo anaokoa tukio na kumpoteza mtu. Sharti ni kwamba asiondoke. Akae karibu kiasi cha kuitwa, mbali kiasi cha kutotawala.

Msomaji wa Afrika Mashariki hasomi habari za majirani wasiomhusu. TAFES ya Tanzania na FOCUS za Kenya na Uganda ziko katika shirikisho lilelile la IFES pamoja na Perkantas, na kiti alichokalia Chua Wee Hian kilikuja kukaliwa, kuanzia 2007, na Daniel Bourdanné wa Chad, mwanasayansi wa elimu ya wanyama, Mwafrika wa kwanza katika nafasi hiyo. Aliyepitia uongozi wa UKWATA, umoja wa wanafunzi Wakristo wa Tanzania, akiwa sekondari anajua tayari jinsi mtoto wa kidato cha tatu anavyoweza kubeba ibada ya shule nzima asipokuwepo mchungaji. Tofauti inayofaa kutupa kazi ni kwamba mikutano yetu mara nyingi ni mikubwa na mizuri, wakati nguvu ya Waindonesia iko katika vyumba vidogo na subira ya miaka.

Kwa hiyo nikiulizwa ni pokeo lipi lifuatwe, nasema yapangwe kwa zamu badala ya kushindanishwa. Mwaka wa pili wa masomo kijana akabidhiwe watu wachache, kama Perkantas wafanyavyo, ili ajifunze kupenda kabla ya kuamuru. Kabla hajahitimu apelekwe mahali pa kukaa muda wa kutosha na Mungu, na Neno na nafsi yake, hata kama ni wiki mbili za karibu na nyumbani kwa yule asiyeweza mwezi wa Mindoro, na karo yake ilindwe asije akakosa kwa umaskini. Na wakati wote aonyeshwe nchi yake: wagonjwa wa kijijini ambao Leimena aliwaona, majirani wa dini nyingine ambao ataishi nao maisha yake yote, barabara ambako siku moja huenda akahitajika kusimama. Akikabidhiwa watu bila nafsi atachoka. Akikabidhiwa nafsi bila nchi atajifungia. Akikabidhiwa nchi bila watu atawatumia.

Hayo yote huanza na mkubwa mmoja kumtazama mdogo mmoja kwa makini. Mhadhiri Mkristo wa Surabaya, mhitimu anayefanya kazi benki huko Cebu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho Kota Kinabalu: kila mmoja wao anamfahamu kijana ambaye hajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba anaweza kuongoza. Amwendee wiki hii, amtajie alichokiona kwake, ampe kazi yenye uzito, naye abaki karibu. Huyo akiwa tayari kumwendea mwingine, hapo tutajua kwamba tumemlea kiongozi.